Samaki wa Kisiwa cha Ndere Wanahesabiwaje?

Somo kwa wakaazi wa fuo, wanafunzi, wachuuzi wa samaki na wanachama wa BMU

Ng'ombe huhesabiwa zizini. Kuku huhesabiwa jioni wakiingia bandani. Samaki je? Hakai zizini, hajui mpaka wa kaunti, na maji ya Ghuba ya Winam mara nyingi huwa na tope kiasi kwamba hata mkono wako ukiuzamisha hadi kiwiko huvioni vidole. Hata hivyo kila mwaka maamuzi makubwa hufanywa kwa kutegemea idadi ya samaki: ukubwa wa matundu ya nyavu, miezi ya kufunga uvuvi, na mahali pa kujenga gati au chumba cha barafu.

Mkaazi wa Kisumu hahitaji kuambiwa kwamba samaki wamepungua. Mama karanga anajua, kwa sababu karai aliyokuwa akilijaza kwa pesa kidogo sasa hulijaza nusu kwa pesa nyingi. Anayenunua mgongo wazi sokoni anajua pia. Lakini neno "wamepungua" halitoshi kwa mtu anayepaswa kuamua la kufanya. Ni samaki gani waliopungua? Wamepungua wapi, tangu lini, na kwa sababu gani?

Baada ya kusoma makala haya, utaweza kueleza njia kuu ambazo wataalamu hutumia kupima wingi wa samaki, kwa nini visiwa vilivyohifadhiwa kama Ndere vina thamani katika kazi hiyo, na kwa nini jibu la mvuvi kwa karani wa data lina uzito kuliko anavyodhani.

Kisiwa chenyewe

Ndere kiko mkabala na Seme, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam. Jina lake kwa Kiluo lina maana ya mahali pa kukutania. Ni kisiwa kidogo cha takriban kilomita mraba 4.2, na kilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1986. Kinasimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Wageni wengi huenda kutazama swala pala, nzohe na ndege. Kandokando yake kuna viboko, mamba na kenge.

Kwa nini samaki wapende kandokando ya kisiwa? Sababu ni ukingo. Katikati ya maji kuna uwazi tu, lakini kando ya kisiwa kuna mawe, mizizi, matete na kivuli. Mwani huota juu ya mawe, wadudu hula mwani, na samaki wadogo hula wadudu. Ngege hupenda maji ya kina kifupi yenye mchanga au tope laini ili achimbe kiota chake. Vifaranga wa samaki wa aina nyingi hujificha kwenye mimea ya majini hadi wapate ukubwa wa kujihami.

Kuna jambo lingine ambalo watafiti wamelithibitisha katika Ziwa Victoria. Sangara, ambaye sisi hapa tunamwita mbuta, ni mwindaji mkubwa anayehitaji hewa ya oksijeni ya kutosha majini. Ndani ya mafunjo na matete mazito oksijeni huwa chache, kwa hiyo mbuta huwa haingii sana humo. Kamongo, mumi na baadhi ya fulu huvumilia hali hiyo. Nyufa za mawe nazo huwapa fulu mahali pa kukimbilia. Hivyo kingo za visiwa na mabwawa ya mafunjo zimekuwa kimbilio la samaki wa asili ambao katika maji ya wazi karibu watoweke.

Tulivyojua tulichopoteza

Historia ya ziwa hili inaonyesha faida ya kuhesabu mapema. Nyavu za makila, yaani nyavu za kutega zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingizwa katika Ghuba ya Winam mwaka 1905, muda mfupi baada ya reli kufika Kisumu. Biashara ya ngege ilinoga, na baada ya miaka michache wavuvi wakaanza kulalamika kwamba kila wavu unaleta samaki wachache kuliko jana. Mwaka 1927 na 1928 mtafiti Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza wa kisayansi wa uvuvi wa ziwa zima. Pendekezo lake kuu lilikuwa kwamba nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zipigwe marufuku ili ngege wapate kuzaa kwanza.

Uchunguzi mwingine mkubwa ulifanywa kati ya 1969 na 1971, meli ya utafiti ilipovuta wavu karibu na sakafu ya ziwa katika maeneo mengi. Ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki waliopatikana walikuwa fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia. Wakati huo mbuta, aliyekuwa ameletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alikuwa bado haba. Katika miaka ya 1980 mbuta aliongezeka kwa ghafla na fulu wakaporomoka.

Kama hesabu ya 1969 hadi 1971 isingefanywa, leo tungebishana tu. Mzee angesema fulu walikuwa wengi, kijana angesema mzee anatia chumvi. Kwa kuwa iliandikwa, tunajua. Hesabu ya leo ni ushahidi wa kesho, hata ikiwa leo inaonekana kazi ya bure.

Njia ya kwanza: kuhesabu wanaovua

Njia rahisi zaidi haigusi samaki hata mmoja. Tangu mwaka 2000, Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi katika ziwa zima, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, chini ya uratibu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO) lenye makao Jinja. Makarani hutembelea kila ufuo, tena kwa siku zilezile, ili boti isihesabiwe leo huku na kesho kule. Wanaandika idadi ya wavuvi, boti, injini, nyavu na ukubwa wa matundu, ndoana, na taa za omena. Sensa ya mwaka 2000 ilipata wavuvi takriban 129,000 katika ziwa zima. Ile ya 2016 ilipata zaidi ya 200,000.

Sensa hii haisemi samaki ni wangapi. Inasema mkono unaowachukua una nguvu kiasi gani.

Njia ya pili: kupima kinachofika ufuoni

Njia ya pili ni kupima mavuno. Haiwezekani kupima kila boti kila siku, kwa hiyo huchukuliwa sampuli. Hebu tufanye hesabu ya ufuo wa kubuni.

Ufuo una boti 40 zinazovua. Karani anapima boti 10 alizozichagua bila upendeleo, nazo zinaleta jumla ya kilo 150. Wastani ni kilo 15 kwa boti. Ikiwa boti huingia ziwani siku 24 kwa mwezi, makadirio ya mwezi ni 15 × 40 × 24, yaani kilo 14,400.

Sasa tuseme baadhi ya wavuvi, kwa kuogopa kodi au kwa kutomwamini karani, wameficha samaki chini ya tanga. Boti zilezile 10 zinaonyesha kilo 120 badala ya 150. Wastani unakuwa kilo 12, na makadirio ya mwezi yanashuka hadi kilo 11,520. Kilo 2,880 zimepotea. Samaki hao walivuliwa, wakauzwa, wakaliwa, lakini katika rekodi hawakuwahi kuwepo. Mpangaji anayesoma rekodi hiyo anaweza kuona kwamba ufuo huo hauna mavuno ya kutosha kuwekewa mtambo wa barafu. Anaweza pia kuona kwamba samaki wameporomoka, na akapendekeza masharti makali kuliko yanayohitajika. Kilo chache zilizofichwa chini ya tanga zimegeuka hasara ya ufuo mzima.

Mtego wa jumla

Jumla ya mavuno inaweza kudanganya hata kama kila mtu amesema kweli. Tuchukue mfano mwingine. Miaka kumi iliyopita ufuo ulikuwa na boti 20, kila moja ikileta kilo 30 kwa siku. Jumla ilikuwa kilo 600. Leo kuna boti 40, kila moja ikileta kilo 15. Jumla bado ni kilo 600.

Mtu wa soko ataona kilo zilezile 600 na kusema ziwa liko sawa. Mvuvi ataona pato lake limekatika nusu, ilhali bei ya petroli haikukatika. Kwa sababu hiyo wataalamu huangalia zaidi mavuno kwa kila boti kwa siku kuliko jumla. Kipimo hicho kikishuka mwaka baada ya mwaka, ni dalili kwamba samaki majini wanapungua, hata kama ufuo bado unanuka samaki kila asubuhi.

Njia ya tatu: nyavu za utafiti

Mvuvi hutafuta samaki anayeuzika. Kwa hiyo mavuno ya ufuoni hayatuambii habari za vifaranga, wala za fulu wadogo wasio na soko. Hapa ndipo watafiti, kama wale wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), hutega nyavu zao wenyewe.

Wavu wa utafiti huunganishwa vipande vyenye matundu ya ukubwa tofauti, kuanzia madogo ya inchi 1 hadi makubwa ya inchi 7 au 8. Sababu ni kwamba kila tundu huchagua samaki wake. Aliye mdogo hupita, aliye mkubwa mno hugonga kichwa na kurudi, na wa kadiri hunasa. Ukitega matundu ya inchi 5 peke yake kuzunguka kisiwa, utarudi ukisema hakuna fulu hata mmoja, kumbe wamepita katikati ya wavu wako wakienda zao.

Tuone kazi kama hiyo ingepangwaje kuzunguka Ndere. Kwanza ni vibali. Kisiwa ni mbuga, kwa hiyo watafiti hupata idhini ya KWS na leseni ya utafiti, kisha huwajulisha wanachama wa BMU za jirani ili wavu wao usidhaniwe ni wa magendo.

Pili ni kuchagua vituo. Upande unaopigwa na upepo na upande uliotulia havina samaki sawa. Penye mawe na penye matete ni tofauti pia. Vituo huwekwa pande zote za kisiwa, na katika kila upande huwa kimoja karibu na ukingo, kingine mbali kidogo, na kingine kwenye maji ya kina zaidi. Vingine huwekwa mbali na kisiwa kabisa, mahali ambapo uvuvi wa kawaida unaendelea, ili kuwe na kitu cha kulinganisha. Mahali pa kila kituo hurekodiwa kwa kifaa cha setilaiti, kwa sababu mwakani lazima warudi palepale.

Tatu ni saa. Nyavu hutegwa jioni na kuopolewa alfajiri. Saa hizo ndizo samaki wengi hutembea, na ndizo saa ambazo kiboko hutoka majini kwenda malishoni na kurudi. Kwa sababu hiyo boti ya utafiti huwa na mwenyeji anayezijua njia za viboko, na kila mtu huvaa jaketi ya kuokoa maisha. Takwimu haina thamani ya uhai wa mtu.

Nne ni maji yenyewe. Katika kila kituo hupimwa kina, joto, oksijeni na jinsi mwanga unavyopenya. Kipimo cha mwanga ni rahisi: kisahani cha rangi nyeupe, au nyeusi na nyeupe, huteremshwa kwa kamba hadi kisionekane tena, kisha kamba inapimwa. Bila vipimo hivi, mtafiti anaweza kulaumu wavuvi kwa samaki waliohama kwa sababu ya oksijeni kupungua.

Nini hupimwa kwa samaki mmoja

Kila samaki anayeopolewa hutambuliwa aina, hupimwa urefu na uzito, kisha wengine hupasuliwa ili kuona jinsi yake, kama ana mayai, na alichokula. Tumbo la mbuta ni kama daftari: likiwa na omena, uduvi au fulu, linakuambia chakula gani kinapatikana karibu na kisiwa.

Urefu una habari nyingi kuliko tunavyofikiri. Samaki akikua bila kubadili umbo, urefu ukizidi mara mbili uzito huzidi karibu mara nane, kwa kuwa anaongezeka urefu, upana na unene kwa pamoja. Mbuta wa sentimita 60 ana uzito wa karibu mbuta wanane wa sentimita 30. Anayevua wale wadogo wanane leo ana kilo ileile ambayo angepata kwa samaki mmoja baadaye, isipokuwa amechukua samaki wanane ambao bado hawajazaa.

Ndiyo maana nchi za ziwa hili zilikubaliana kwamba mbuta anayeruhusiwa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Kikomo cha chini kinampa nafasi ya kukua. Kikomo cha juu kinawalinda majike wakubwa, ambao mmoja wao huweza kutaga mayai kwa mamilioni. Watafiti wakikuta katika nyavu zao samaki wa kila ukubwa, hiyo ni dalili njema. Wakikuta wadogo watupu, wanajua wazazi wanakwisha, hata kama idadi ya samaki inaonekana kubwa.

Njia ya nne: mwangwi

Katika maji makuu ya ziwa, watafiti hutumia mwangwi. Kifaa kilichofungwa kwenye meli hutuma sauti kuelekea chini. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, na ikikutana na kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki, sehemu yake hurudi. Kwa kupima nguvu ya mwangwi unaorudi, hukadiriwa wingi wa samaki waliopo chini ya meli. Hapo tena nyavu huhitajika, kwa sababu mwangwi peke yake hautaji jina la samaki.

Njia hii ina udhaifu katika maji yetu. Sehemu kubwa ya ghuba ya ndani haifiki kina cha mita 10. Kifaa hakioni vizuri samaki walio karibu sana na uso wa maji, wala waliolala juu ya sakafu, na katika maji ya kina kifupi sehemu hizo mbili ni karibu maji yote. Meli kubwa pia haiwezi kukaribia mawe na matete ya kisiwa. Ndiyo maana kandokando ya visiwa, nyavu na macho ya wenyeji bado ni muhimu.

Njia ya tano: alama

Kuna njia ambayo unaweza kuijaribu nyumbani na watoto. Mimina maharagwe kwenye sufuria bila kuyahesabu. Chota 50, uyatie alama ya wino, uyarudishe na kuchanganya vizuri. Kisha chota tena, tuseme 60, na uangalie mangapi yana alama. Ikiwa ni 10, hesabu ni 50 × 60 ÷ 10, yaani maharagwe 300. Sasa hesabu sufuria nzima uone umekosea kwa kiasi gani.

Watafiti huwawekea samaki alama ndogo, huwaachilia, kisha huangalia wangapi wanarudi katika mavuno ya baadaye. Hesabu hiyo inafaa kwa bwawa au ghuba ndogo, mahali samaki hawaingii wala kutoka kwa wingi. Kuzunguka kisiwa kilicho katikati ya maji wazi, samaki wenye alama huenda zao na wageni huingia, kwa hiyo makadirio hupotoka. Hata hivyo alama husaidia kujibu swali lingine: samaki wa kando ya kisiwa huenda wapi? Akivuliwa mbali akiwa na alama, tunajua kisiwa kinawalea samaki wanaoliwa kwingine. Ukimpata samaki mwenye alama, usiitupe. Andika tarehe, mahali na urefu, umpelekee afisa wa uvuvi.

Makosa yanayoharibu hesabu

Kosa la kwanza ni kulinganisha vitu visivyolingana. Samaki wa Aprili wakati wa mvua ndefu na wa Januari wakati wa jua kali si kipimo kimoja. Nyavu zikibadilika, nazo hubadilisha jibu. Hesabu nzuri hurudia mahali palepale, msimu uleule, kwa wavu uleule.

Kosa la pili ni gugu maji. Upepo unaweza kulisukuma likafunika upande mzima wa kisiwa kwa siku kadhaa. Nyavu hazitegeki, boti hazitoki, na samaki wanaovumilia oksijeni chache kama kamongo na mumi huonekana kwa wingi kuliko kawaida. Asiyeandika kwamba siku hiyo kulikuwa na gugu maji atadhani kamongo wamezaana ghafla.

Kosa la tatu ni kusahau msimu uliofungwa. Uvuvi wa omena upande wa Kenya kwa kawaida hufungwa kati ya Aprili na Julai. Rekodi za ufuoni za miezi hiyo zitaonyesha omena wachache, ilhali majini huenda ndio wakati wanaongezeka.

Kosa la nne ni kutaka jibu moja kubwa. Watu huuliza, "Kuna samaki wangapi kuzunguka Ndere?" Hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekupa nambari moja. Atakuambia kwamba kwa wavu uleule, mahali palepale, mwaka huu wamepatikana wengi au wachache kuliko mwaka uliopita, na kwamba kando ya kisiwa kuna aina nyingi au chache kuliko maji yanayovuliwa kila siku. Ulinganisho huo ndio unaoongoza maamuzi. Kisiwa kilichohifadhiwa ni muhimu kwa sababu kinatupa kitu cha kulinganishia. Pakiharibiwa pote sawasawa, tutasahau hata ziwa zima lilivyokuwa.

Nafasi yako

Katiba ya 2010 imegawa kazi hii. Serikali ya kitaifa inalinda mazingira na maliasili, ikiwemo uvuvi na wanyamapori. Kaunti inahusika na maendeleo ya uvuvi kama sehemu ya kilimo. Kwenye ufuo wenyewe, BMU ndicho chombo cha wavuvi, wachuuzi na wamiliki wa boti. Kila mmoja ana la kufanya.

Mvuvi: mruhusu karani apime, na useme kweli kuhusu siku ulizoingia ziwani, hata ile uliyorudi mikono mitupu. Siku ya kukosa ni takwimu pia. Ikiwa siku za kukosa haziandikwi, wastani utaonekana mkubwa kuliko ukweli.

Mwenye ofisi ya BMU: weka daftari mahali pakavu, andika kila siku, na usijaze kwa kukisia jioni ya mwisho wa mwezi. Baada ya hesabu, waiteni wenye boti muwasomee matokeo. Mtu akiona data yake inarudi kwake, kesho hataficha.

Mchuuzi na mama karanga: ninyi huwaona samaki wengi kuliko mtafiti yeyote. Mkiona aina iliyopotea imerudi, au wadogo wakizidi, semeni katika mkutano wa BMU.

Mwalimu: jaribio la maharagwe linahitaji sufuria na kalamu ya wino tu. Litumie darasani.

Mkaazi yeyote: usikate matete ya ufuoni kwa kudhani ni kichaka cha bure, na usiingie kisiwani kuvua au kuwinda. Huko ndiko kunakolelewa samaki wa karai la kesho.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ufuo una boti 30. Boti 6 zilizopimwa zimeleta jumla ya kilo 72. Boti huvua siku 20 kwa mwezi. Kadiria mavuno ya mwezi.

2. Kwa nini wavu wenye matundu ya aina moja hauwezi kutuambia hali ya samaki wote kandokando ya kisiwa?

3. Katika ufuo wenu, mavuno kwa kila boti yamebadilikaje tangu mlipoanza kuandika? Kama hakuna rekodi, nani ataanza kuandika, na kuanzia siku gani?

Jibu la swali la kwanza: wastani ni kilo 12 kwa boti. 12 × 30 × 20 ni kilo 7,200. Majibu ya maswali mengine mawili yako katika makala haya na katika daftari la ufuo wenu. Penye shaka, muulize afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako.